Viatu vya Mjomba

Mara ya kwanza kupanda Kilimanjaro nilivaa viatu vya mjomba. Yeye namba 44, mimi 42, kwa hiyo kila kidole gumba kilikuwa na kipande chake cha gazeti mbele. Vilikuwa viatu vya ngozi, vizito, aliachiwa na mgeni wa Kiswisi miaka ya themanini, na tangu mjomba aache kazi ya mlima vilikuwa vinakaa darini juu ya jiko vikila moshi. Alinikabidhi usiku, akasema, "Ukivipoteza, usirudi."

Mwaka ulikuwa 1999, nina miaka 20. Nimezaliwa Marangu. Nikifungua dirisha mlima huu hapa, lakini sikuwa nimewahi kuvuka msitu. Watu wa mbali wakisikia hivyo hawaamini. Kwetu mlima ulikuwa kitu cha kutazama asubuhi ili ujue kama leo utaanika kahawa au la. Shughuli zote ziko chini: kihamba, yaani shamba la ukoo, ng'ombe wa ndani, mfongo, ule mfereji wa maji ambao zamu yako ikipita umeukosa. Huko juu kuna nini cha mtu kufuata? Kuna baridi.

Neno hilo lina historia yake, nalo nilikuja kulijua baadaye sana. Mei 1848 mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, alikuwa safarini kuja Uchagani kutoka Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara. Alipoona weupe juu ya mlima, akauliza ni kitu gani kile. Jibu alilopewa ni "baridi". Basi. Kwa Kiswahili cha pwani cha siku zile theluji haikuwa na jina la kila siku, maana nani angeihitaji Mombasa? Rebmann akaandika kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, na huko London mtaalamu mmoja wa jiografia aliyeitwa Cooley akambishia kwa miaka. Cooley hakuwahi kufika huku. Mimi humwamini Bwana Kheri zaidi. Hakusema zaidi ya alichokijua.

Sasa turudi getini. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa vijana wengi tumejipanga kwenye ukungu, wengine wamelala hapo hapo. Kazi yetu inaitwa upagazi kwenye karatasi, lakini sisi wenyewe tunaitana wagumu. Kiongozi wa safari anatoka na orodha, anatazama mabega yetu, sura hana habari nazo. Nilichukuliwa kwa sababu mgumu mmoja aliamka na homa. Kampuni siitaji, hata wenyewe walishafunga. Nilipewa gunia lenye viazi, vitunguu, mafuta ya kupikia na vyombo, na tulipopita getini wakaniongezea begi dogo la mtu. Leo sheria ya hifadhi ni kilo 20 za mzigo kwa mgumu, na mzani unasimama pale getini. Mzigo wangu wa siku ile nadhani ulikaribia 30. Sikuuliza. Anayeuliza siku ya kwanza haitwi siku ya pili.

Msitu wa kwenda Mandara, kambi ya kwanza, haukunisumbua. Njia ni nzuri, kivuli kipo, mbega wanakuchungulia. Mandara ni kama mita 2,720, hewa ya kawaida tu kwa mtu wa Marangu. Tabu ilianza siku ya pili, baada ya msitu kuisha na mvua kutukuta kwenye vichaka vya wazi tukielekea Horombo, kambi ya pili. Viatu vilivyokaukia moshini miaka kumi vikanywa maji, na soli ya kulia ikaanza kufunguka mdomo. Kila hatua ilikuwa inapiga makofi. Wenzangu wakanipa jina papo hapo: Makofi. Mzee mmoja mpishi wetu akanisimamisha, akatoa kwenye mfuko wa koti kamba ya mgomba mkavu, ile tunayofungia majani ya ng'ombe, akaifunga soli kwa kuizungusha mara nne na kuipindia juu. Ikakaa mpaka Kibo.

Jioni ile Horombo, mita 3,720, tumebanana kwenye jiko la wagumu, moshi unatoa machozi, yule mzee akaniuliza, "Mangi, unajua waliotutangulia huku walipanda na nini mguuni?" Nikasema sijui. Akatusimulia habari za mangi wa kweli, chifu mmoja wa Machame wa zamani aliyeona juu ya mlima kitu kinang'aa, akadhani ni fedha, akatuma kundi la watu wakakilete. Hawakurudi. Aliyerudi ni mmoja tu, na mikono na miguu yake ilikuwa imekufa kwa baridi. Tulicheka, unajua vijana. Mimi nilidhani ni hadithi za mzee za kupoteza muda wakati ugali unaiva.

Miaka mingi baadaye nikaikuta habari ile ile kwenye maandishi ya wamishonari. Rebmann alisimuliwa alipokuwa Machame: mangi aliyetuma watu ni Rengua, na aliyenusurika aliitwa Sabaya. Nilipoliona jina hilo nilikaa kimya muda mrefu. Kila siku tunahesabu wapandaji kuanzia Wazungu: Baron von der Decken mwaka 1862 aliyefika zaidi ya mita 4,000 akarudishwa, Charles New aliyegusa theluji 1871, Hans Meyer aliyefika kileleni 1889. Kumbe kabla yao wote kuna Mchagga aliyepanda bila viatu kwa amri ya mangi wake, akarudi amelemaa. Hakufika kileleni, sawa. Lakini hata hao wawili wa kwanza hawakufika, na vitabu vinawahesabu.

Siku ya tatu tulivuka ule uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo, vilele viwili vya mlima. Upepo, mawe, hakuna jani. Hapo ndipo kichwa kilipoanza. Kwanza kama mtu amekufunga kitambaa, halafu kama anakikaza. Nikatapika nyuma ya jiwe, nikafukia kwa mguu, nikafuta mdomo, nikaendelea. Kwa nini nilificha? Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mgumu anayeshushwa njiani analipwa siku alizofanya, tipu anaweza asiione, na jina lake linabaki kwa kiongozi kuwa yule ni legevu. Mama alikuwa anasubiri ada ya mdogo wangu. Niliona bora kichwa kipasuke.

Usiku kwenye Kibo Hut, mita 4,720, nilianza kukohoa kikohozi chenye maji. Yule mzee mpishi aliamka, hakuniuliza kitu, akaweka sikio mgongoni mwangu kama anasikiliza mzinga wa nyuki. Akasema, "Unachemka kama sufuria." Akaenda kumwamsha kiongozi. Kilichosemwa huko sikukisikia, ila sauti ya mzee ilipanda, na kwa heshima yake kiongozi akakubali. Nikateremshwa saa nane usiku na mwenzangu mmoja, tochi moja, soli imefungwa kwa mgomba. Tulipokaribia Horombo kulikuwa kunapambazuka, na nikaona kichwa kinafunguka chenyewe, kama mtu aliyeshusha gunia. Sikuwa nimemeza hata kidonge.

Mapafu yalikuwa yameanza kujaa maji. Ugonjwa huu wa mwinuko haujali kama umezaliwa Marangu au Amsterdam, haujali kifua kipana. Kileleni shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na mwili unahitaji siku za kuzoea. Ukiupandisha haraka ukiwa na mzigo mkubwa, bila maji ya kutosha, umeuuza. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Hili naliandika kwa sababu mpaka leo nakutana na vijana wanaoficha kichwa kwa hesabu ile ile niliyoifanya mimi.

Nyumbani nilivua viatu, kucha mbili za gumba zikabaki kwenye gazeti. Mjomba aliangalia viatu, akaangalia kamba ya mgomba, akaenda zake kumkatia ng'ombe majani. Wiki iliyofuata alivipeleka kwa fundi vikawekwa soli ya tairi. Nikapanda navyo miaka miwili.

Nilipanda daraja kama wengi: mgumu, msaidizi wa mpishi, msaidizi wa kiongozi, halafu kozi, mtihani, leseni. Kiingereza nilijifunza kwa wageni, Kijerumani kidogo kwa kitabu na kwa mama mmoja wa misheni. Nikawa kiongozi wa maneno mengi. Pale Marangu getini kuna kumbukumbu ya Hans Meyer na kuna ya Yohani Kinyala Lauwo, na mimi nilikuwa na hotuba yangu ya dakika tano. Nilisema kwamba Lauwo, kijana wa Marangu, alimshika Meyer mkono akampeleka mpaka kileleni, na Mzungu akaandika jina lake peke yake. Wageni walipenda sana. Wengine walitoa kalamu wakaandika.

Sikuwa nimesoma popote. Nilisikia kwa wenzangu, nikaongeza chumvi yangu.

Mwaka mmoja nikampandisha Mjerumani mzee, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mtu wa hatua fupi na maswali marefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Hili la Lauwo kileleni umelitoa wapi?" Nikajikanyaga. Hakunibishia. Alipofika kwao akanitumia kwa posta nakala za kurasa za kitabu cha Meyer alizopiga mashine, tafsiri ya Kiingereza, na pembeni ameandika maneno ya Kijerumani kwa penseli. Nilizisoma msimu mzima wa mvua za masika, wakati mlima hauna watu.

Nikakuta mambo ambayo hotuba yangu haikuwa nayo. Kwanza, Meyer hakufanikiwa mara moja. Alikuja 1887, akafika kwenye barafu, akashindwa kwa kukosa vifaa. Mwaka 1888 akaja tena na Oscar Baumann, wakakuta pwani imewaka moto kwa vita ya Abushiri, ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fedha. Ile ya 1889 ilikuwa ya tatu, na safari hii alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, mtu aliyezoea barafu za kwao. Mangi Mareale wa Marangu akawapokea. Kisha Meyer akafanya jambo ambalo kwa mtu wa kazi hii ndilo kubwa kuliko yote: akapanga kambi kwa ngazi, na watu wakawa wanapanda na kushuka kumletea chakula kutoka Marangu. Aliweza kukaa juu, kujaribu, kushindwa, kupumzika, kujaribu tena. Waliotangulia walirudishwa na njaa na baridi kabla ya kurudishwa na mlima. Yeye alikuwa na wagumu.

Pili, kwenye maelezo yake waliokanyaga kilele tarehe 6 Oktoba 1889 ni wawili tu, yeye na Purtscheller. Kwenye kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, aliyebaki nao ni mtu mmoja, Mwini Amani, mwenyeji wa Pangani. Nililisoma jina hilo mara tatu. Mtu wa Pangani! Mtu wa minazi na mto wenye mamba, anakaa peke yake kwenye hema dogo chini ya Kibo, analinda moto, anasubiri Wazungu wawili ambao labda hawatarudi. Ningetoa mshahara wa msimu mzima kujua usiku ule aliwaza nini. Sijawahi kusikia pointi yoyote mlimani yenye jina lake. Gilman's Point ni ya Clement Gillman aliyefika pale 1921. Stella ni mke wa Kingsley Latham, aliyepanda na mumewe 1925. Mandara na Horombo angalau ni mangi zetu, mmoja wa Moshi, mwingine wa Keni kule Rombo.

Na Lauwo je? Hapa nililazimika kukaa na wazee. Simulizi za Marangu zinasema alikuwa kijana mjuzi wa msitu, amekamatwa kwa kukwepa kazi ya barabara, na wakati analetwa kwa Mangi akawakuta wageni wanaomba njia. Wazee wa Mangi wakamjua, wakasema huyu awaongoze. Mwaka 1989, miaka 100 ya safari ile ilipoadhimishwa, waandaaji walimtambua mzee aliyefanana na mtu kwenye picha ya zamani, akajengewa nyumba, akafariki 1996, akihesabiwa kuwa na miaka zaidi ya 120. Lakini alipoulizwa mwenyewe, hakumkumbuka Meyer wala Purtscheller. Alikumbuka kupanda na daktari wa Kiholanzi. Alisema alipanda mara tatu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Na alikumbuka kitu kimoja kuhusu safari ile: hakuvaa viatu.

Nilipofika hapo nikazifunga karatasi. Nilikuwa nimezunguka miaka na hadithi ya kumpa mzee heshima ambayo yeye hakuidai, nikaacha ile aliyoitoa kwa kinywa chake. Mtu anaambiwa: eleza ulivyopanda mlima mrefu kuliko yote Afrika. Anajibu habari za miguu. Mgumu yeyote angejibu hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine kwenye zile karatasi lililonigeuza kazini, na hili ningetamani ningelijua mapema. Tarehe 3 Oktoba, siku tatu kabla ya kufanikiwa, Meyer na Purtscheller walishafika ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano juu ya Kibo. Walikuwa wamekata ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua kwa hatua, wamechoka hoi. Wakaona kumbe sehemu ya juu kabisa iko mbele bado, kama saa moja na nusu hivi. Wakageuka. Wakashuka, wakapumzika, wakasogeza malazi juu zaidi, wakarudi tarehe 6.

Nimewahi kuwa na mgeni pale Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, alfajiri, anayumba, anaongea maneno yasiyoshikana, na bado anasema Uhuru, Uhuru, yaani kilele chenyewe. Amelipa fedha nyingi, amewaaga watu kwao. Mimi nikalegea. Nikamwacha asogee dakika arobaini nyingine kuelekea Stella. Alianguka. Tulimteremsha kwa machela ile ya gurudumu moja, watu sita tunapokezana, gurudumu linaruka juu ya mawe na kila likiruka anapiga kelele. Alipona, namshukuru Mungu. Ila kosa lilikuwa langu: akili yake ilishaondoka, yangu ndiyo iliyopaswa kuamua. Leo mgeni akibisha pale juu namweleza ya tarehe 3 Oktoba. Mpandaji wa kwanza kabisa aligeuka akiwa amebakiza saa moja na nusu. Wajerumani ndio wanaonielewa haraka zaidi. Wamarekani wanataka kwanza kujua kama watarudishiwa hela.

Barafu waliyokata ngazi akina Meyer mgeni wa leo haioni. Ukilinganisha ramani ya 1912 na hali ya 2007, asilimia 85 ya barafu ya mlima ilikuwa imekwisha. Kwa njia ya Marangu unafika ukingoni ukikanyaga changarawe. Wazee wa kijijini hawahitaji asilimia. Wanakuonyesha kwa kidole ilipokuwa inafika walipokuwa wadogo.

Pale Uhuru, mita 5,895, ambapo Meyer alipaita kwa jina la Kaisari wake, ndipo Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera na mwenge usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Hiyo nayo naisimulia, na Watanzania ninaowapandisha siku hizi, ambao wanaongezeka, hujipiga picha wakiimba. Ila nikiwa mkweli, pale juu hakuna anayekaa. Dakika kumi na tano, vidole vimekufa ganzi, twende.

Siku hizi ukija kupanda nami utanikuta getini sijainua kichwa. Naanza na miguu ya wagumu. Nawapanga, natazama viatu kimoja kimoja, nabonyeza soli kwa kidole gumba. Mwenye raba za sokoni namtoa kwenye foleni, namtafutia viatu vya kuazima, maana siku hizi kuna wanaoazimisha vifaa kwa wagumu bure. Wengine hukasirika, wanadhani nimemkataa mtu. Mwezi uliopita kijana wa Rombo aliniambia, "Meku," yaani mzee, "mimi nimezoea." Nikamwambia najua, hata mimi nilizoea. Akacheka, akaenda kubadilisha.

Halafu nawapeleka wageni kwenye ile kumbukumbu. Swali haliwezi kukosa: "Lauwo alifika kileleni, au hakufika?" Nawaambia Meyer alivyoandika, nawaambia wazee wa Marangu wanavyosema, nawataja Sabaya wa Machame na Mwini Amani wa Pangani. Kisha nawaambia alichokumbuka mzee mwenyewe, kwamba alipanda bila viatu. Hapo wanainama, wanatazama mabuti yao mapya. Mimi nachukua pasi zao, naenda kuwaandikisha, kwa sababu foleni ya getini ikishafika saa nne haisogei.